Daftari Langu na Mashati ya Shemeji

Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Mpanda aliniomba niende kuzungumza na wanafunzi wake juu ya faida za kuandika shajara. Alikuwa amesikia hadithi zangu redioni, na huwa anakuja kutoa kopi za mitihani kwenye duka langu la vifaa vya shule pale Shanwe, kwa hiyo hakuona tabu kuniomba. Nilikubali mara moja. Nikavaa gauni la kanisani, nikabeba madaftari yangu mawili ya zamani ili wayaone kwa macho, nikasimama mbele ya darasa lililojaa mpaka mlangoni.

Niliyowaambia yalikuwa ya kweli. Niliwaambia kwamba mtu anayeandika kila siku, hata mistari michache, mkono wake unazoea, na siku akitaka kuandika jambo kubwa haogopi karatasi tupu. Kwamba shajara haikusahihishi wala haikucheki, kwa hiyo humo unaweza kukosea mpaka ukapatia. Kwamba kumbukumbu ya kichwani hubaki na habari kwa ujumla, lakini hupoteza rangi na harufu na maneno yenyewe kama mtu alivyoyasema, na hayo ndiyo yanayomfanya msomaji aamini. Wakapiga makofi. Kisha binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono.

"Madam, hao watu unaowaandika humo," akauliza, "wenyewe wanajua?"

Nikajibu kwamba shajara ni siri ya mwenyewe, haisomwi na mtu. Yule binti akasema ahsante, akakaa. Sikumwambia habari ya dada yangu. Nilirudi Shanwe, nikakaa nyuma ya mashine ya kopi bila kuiwasha, na mteja wa kwanza aliyekuja nilimwambia umeme hakuna, wakati taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu.

Nimezaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Nyumbani tulisema Kirundi, shuleni Kiswahili, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kitabuni. Nilipokuja sekondari Mpanda niligundua kwamba wenzangu wana Kiswahili kingine kabisa, chenye mizaha na njia za mkato, na kwamba mimi nikisema "ninarara" badala ya "ninalala" bweni zima linacheka. Nikanunua kauntabuku, nikaanza kuandika jinsi watu wanavyoongea. Mama muuza uji pale getini, akiulizwa kama uji ni wa moto, alikuwa anajibu, "Weka mdomo halafu uniambie." Niliandika hilo. Nikaandika namna matroni alivyotukaripia, na namna wasichana walivyosema "sina mzuka" wakiwa hawataki kwenda kufua. Lengo langu lilikuwa moja tu, nisichekwe. Baada ya muda kicheko kiliisha, lakini daftari halikuisha. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kusikiliza.

Miaka ilipita, nikafungua duka, na nikaanza kuandika hadithi fupi za kusomwa kwenye redio ya hapa mjini. Ndipo nilipoona yale madaftari yana kazi gani. Kuna hadithi moja ilikwama kwa wiki kadhaa, ilikuwa ya mzee aliyefiwa na mkewe. Kila nilichoandika kilikuwa kilio kitupu. Siku moja nikafungua daftari la mwaka wa nyuma nikakuta nimeandika habari ya mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho cha marehemu mke wake. Mashine yangu hutoa picha nyeusi. Yule baba aliishika ile karatasi, akaitazama, akaniomba nijaribu tena, labda uso utaonekana. Nikajaribu tena. Akavua kofia, akaiweka juu ya kaunta, akasubiri kama mtu anayesubiri majibu hospitali. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo lote. Nililiingiza kwenye hadithi karibu kama lilivyo, na hadithi ikasimama. Yule baba sikumtafuta kumwuliza. Haikunijia hata akilini kwamba ni mtu wa kuulizwa.

Dada yangu ndiye mzaliwa wa kwanza kwetu. Alipoolewa alihamia Kapalamsenga, ziwani, kwa mume mvuvi. Mimi na yeye tulikuwa watu wa kupigiana simu kila Jumapili baada ya ibada, na tuliongea Kirundi tu, hata mbele ya watu. Mwaka mmoja wakati wa kiangazi nilifunga duka nikaenda kupumzika kwake. Nilifika nimeumwa na mbung'o njia nzima, akanicheka, akanipa maji ya kuoga. Uani kwake, kwenye kamba ya nguo, yalikuwa yananing'inia mashati ya shemeji, matatu, yanachuruzika maji. Nikauliza shemeji yuko wapi. Akasema yuko ziwani. Kesho yake nikauliza tena, akasema bado yuko ziwani.

Tulikuwa tunaanika dagaa kwenye vichanja aliponiambia. Alianza bila kunitazama, kwa Kirundi, sauti ya chini. Shemeji alikuwa amevuka kwenda upande wa Kongo tangu kabla ya mvua, akasema anafuata kazi, na sasa alikuwa na nyumba kule na mwanamke ndani yake. Hakuna jirani aliyejua. Wavuvi huenda na kurudi, hakuna anayehesabu, na yeye dada alijua namna ya kuwazuia wasianze kuhesabu.

"Kila Jumamosi nayafua mashati yake," akasema. "Ni masafi, lakini nayafua. Watu wakiona nguo za mume zinakauka hawaulizi."

Akalia. Mikono yake ilikuwa na magamba ya samaki, kwa hiyo alijifuta kwa kiwiko. Nilimkumbatia na mimi nikalia, na kilio changu hakikuwa cha kuigiza, hilo naweza kuapa. Lakini nikiwa nalia hivyo hivyo, kichwani mwangu kulikuwa na mtu mwingine aliyetulia kabisa, anarudia rudia asije akasahau: ni masafi, lakini nayafua. Ni masafi, lakini nayafua. Nikamwambia dada naenda kunawa uso. Nikapita ndani, nikatoa daftari kwenye begi, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye kijukwaa cha vyombo, nikaandika. Niliandika maneno yake. Niliandika kwamba shati moja la bluu lilikosa kifungo cha pili, na kwamba yote matatu aliyaanika migongo ikitazama njia. Niliandika mpaka kile kiwiko. Nilipomaliza moyo wangu ulikuwa mwepesi, na ni lazima niseme ulikuwa mwepesi wa namna gani. Nilikuwa nimefurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na hakuna aliyemwona.

Hadithi niliiandika baada ya miezi michache. Nilijiona mwangalifu. Ziwa nililiondoa, nikaweka machimbo ya dhahabu. Mvuvi nikamgeuza mchimbaji. Mke nikamfanya mwembamba na mrefu, wakati dada yangu ni mfupi mwenye mwili. Mashati niliyaacha. Nilijaribu kuyatoa, hilo ni kweli, nikaweka viatu vya mume vilivyopigwa kiwi na kuwekwa mlangoni, lakini kila nikisoma viatu vilikuwa viatu tu. Nikayarudisha mashati, kila Jumamosi, na yale maneno nikayatafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno. Nilijiambia redio yetu haifiki kule ziwani.

Mtangazaji aliyeisoma alinipigia mwenyewe baada ya kipindi. Alisema hajawahi kupata ujumbe mwingi wa wasikilizaji kiasi kile, na wote wanazungumzia mashati. Akaniuliza nimeyatoa wapi. Nikamwambia nimeyatunga. Akanitumia sauti ya kipindi kwenye simu, na mimi, kwa mkono wangu huu, niliituma kwenye kundi la WhatsApp la watu waliosoma Mishamo. Nilitaka waone yule aliyekuwa anachekwa amefika wapi. Walinipongeza siku nzima. Baadhi yao wameolewa huko ziwani, na jambo hilo nilikuwa nalijua.

Jumapili iliyofuata dada hakupokea simu. Nikadhani mtandao. Jumapili ya pili pia hakupokea. Mama yetu, ambaye bado yuko Mishamo, ndiye aliyenipigia. Mama haongei sana kwenye simu, huwa anaona kama maneno yanamwagika. Aliniambia kwamba sauti yangu ya redio imefika Kapalamsenga, imesikilizwa kwenye mashine ya kusaga, wanawake wote wamegeuka wakamtazama dada yangu aliyekuwa amesimama na ndoo yake ya mahindi.

"Umemvua nguo," mama akasema, akakata simu.

Nilipanda gari la asubuhi. Njia nzima nilikuwa napanga la kusema, na kwa aibu kubwa nakiri kwamba nilipanga kama ninavyopanga hadithi, sentensi hii kwanza, ile baadaye. Nilifika mchana. Dada alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Kamba ya nguo ilikuwa tupu. Aliponiona aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kiti cha plastiki, kile cha wageni, akakipangusa kwa upande wa kanga yake.

"Karibu," akasema kwa Kiswahili. "Nyie wa mjini poleni na safari."

Katika maisha yetu yote hakuwahi kuniambia neno kwa Kiswahili tukiwa wawili. Nilimjibu kwa Kirundi. Akaendelea kwa Kiswahili, taratibu, kwa adabu, kama anavyoongea na bwana afya. Aliniuliza habari za Mpanda, habari za duka. Akanipikia wali, ambao anajua siupendi kama ninavyopenda ugali, na akaniletea peke yangu kwenye sahani yenye kifuniko. Yeye alikula jikoni. Nilikaa na ile sahani mbele yangu na ile hotuba niliyoipanga yote ikanitoka.

Jioni ikiwa bado na mwanga nilimfuata jikoni, nikakaa chini kwenye sakafu. Nikamwomba msamaha. Nilisema nilibadilisha kila kitu, nilitoa ziwa, nilitoa uvuvi. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mimi nilikuambia wewe," akasema, na sasa alisema kwa Kirundi. "Sikuwaambia watu."

Nikasema najua.

Akaniambia yaliyompata. Wanawake walianza kumsalimu kwa sauti ya msibani. Mmoja alimletea samaki, migebuka, bure, akaiweka mlangoni akaondoka haraka kama mtu anayepeleka kitu kwa mgonjwa. Kanisani mchungaji alimwombea bila kumtaja, na kila mtu akafumba macho akijua ni nani. Mashati aliyaanua siku ile ile aliyotoka mashineni, akayafunga kwenye mfuko wa salfeti, na hakufua tena. Alisema kufua kule hakukuwa uongo kwa watu tu. Siku ya Jumamosi, akiwa na maji na sabuni, kwa muda ule alikuwa mke wa mtu. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba anawadanganya majirani. Hilo lingine sikuliona, ingawa nilikuwa nimekaa naye, kwa sababu nilikwisha kupata nililolitaka nikaenda kuliandika.

Halafu akauliza swali ambalo bado linanisubiri kila ninapofungua daftari.

"Siku ile ulilia na mimi. Ulikuwa unalia, au ulikuwa unashika maneno?"

Ningeweza kusema nilikuwa nalia. Nilikuwa nalia kweli.

"Vyote viwili," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu. Hakukasirika zaidi wala hakupoa. Nilimwambia nitayachoma madaftari yote nikifika nyumbani. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevunja chungu halafu anataka kuvunja na kingine ili aonekane ana uchungu. Akauliza kama ninalo moja hapa. Nilikuwa nalo kwenye begi, kama kawaida yangu. Akaniambia nimsomee yote yanayomhusu.

Nikasoma. Nilianza na kurasa za karibuni kwa sababu ndizo zilizokuwa na hatia, zile za vichanja, za mashati, za kiwiko, mpaka mstari ule nilioandika chini yake: *hii itafaa*. Nilitaka kuuruka. Nikausoma. Yeye alikuwa anachochea moto, hakugeuka. Kisha akaniambia niendelee na mengine. Nikamsomea ukurasa ambao nilikuwa nimekumbuka utoto wetu, siku niliyougua malaria Mishamo akanifunga mgongoni mwake kwa kitenge na kuendesha baiskeli mpaka zahanati, naye alikuwa bado msichana mdogo, miguu haifiki vizuri kwenye pedali. Nilikuwa nimeandika kwamba mvua ilikuwa inanyesha.

"Haikuwa mvua," dada akasema. "Wewe ndiye uliyenikojolea."

Akacheka kidogo, kwa pua, akaacha. Nikachukua kalamu nikasahihisha palepale mbele yake. Katika miaka yote niliyoandika, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyenisahihisha ambaye alikuwepo jambo lenyewe lilipotokea. Nikaona ni mambo mangapi humo yamejaa mvua ambayo haikunyesha, kwa kuwa nilikuwa naandika peke yangu na hakuna wa kunikatalia. Nikaona na jingine. Katika kurasa zote za ziara ile ya kwanza sikuwemo. Dada analia, dada anajifuta, dada anasema. Anayemkumbatia hayupo. Aliyekimbilia nyuma ya nyumba na daftari hayupo. Nilikuwa najisifu kwamba shajara imenifundisha kuona, na mtu mmoja nilikuwa simwoni kabisa.

Tulilala chumba kimoja. Asubuhi alinisindikiza mpaka gari linapopakia. Hakusema amenisamehe na mimi sikuuliza. Aliniambia nimsalimie mama nikipita Mishamo, ingawa njia yangu haikupita Mishamo, na nikaelewa kwamba ananituma niende nikamweleze mama mwenyewe, uso kwa uso. Nilienda wiki iliyofuata. Hayo ya mama nitayaacha.

Shajara sikuichoma. Ninaandika mpaka leo, asubuhi kabla sijafungua duka, wakati Shanwe bado ina moshi wa chai na bodaboda hazijawa nyingi. Lakini ninaandika kwa namna nyingine. Nikiandika alilosema mtu, ninaandika na mimi nilikuwa nafanya nini wakati anasema. Kama nilikuwa nashika maneno, naandika kwamba nilikuwa nashika maneno. Hadithi zangu zimepungua kasi, na mtangazaji ameniuliza mara kadhaa mbona siku hizi nachelewesha. Baadhi ya watu walioniambia mambo nimewatafuta na kuwauliza kabla. Wengi walikubali. Mmoja alikataa, na hadithi yake, ambayo nadhani ingekuwa nzuri kuliko zote, imebaki kwenye daftari, na ikifika zamu yake ya kunisumbua naiacha inisumbue.

Yule baba wa kitambulisho nilimtafuta pia. Niliambiwa amehamia kwa watoto wake Tabora. Sikumpata.

Na dada tunapigiana simu tena Jumapili, kwa Kirundi. Ananiambia bei ya dagaa, upepo ulivyokuwa wiki ile, nani kaoa, paa la kanisa limefikia wapi. Ni habari nzuri, na zote ni habari ambazo angeweza kumwambia mtu yeyote aliyepita njiani. Zamani, kabla ya kukata simu, kulikuwa na kimya kifupi, halafu anasema, "Sasa ngoja nikuambie." Kimya hicho bado kipo. Mimi hukisubiri, simu imebanwa sikioni. Halafu anasema haya, ubaki salama, murumuna wanje, mdogo wangu, na anakata.

Haya uliyoyasoma nilimsomea yote kwa simu kabla ya kumpa mtu mwingine. Habari ya mashati aliniruhusu, alisema imekwisha kutembea miguu yake yenyewe. Aliondoa mambo mawili. Nilijaribu kumweleza kwamba moja kati ya hayo mawili ndilo linaloifanya habari nzima ieleweke vizuri, akaniacha niongee mpaka mwisho, nami nikasikia nilichokuwa nafanya. Nikachukua kalamu nikalifuta wakati bado yuko kwenye simu, nikamwambia nimefuta. Akauliza kama nimefuta kweli au naliandika vizuri zaidi mahali pengine.

Nikamwambia nimefuta kweli. Sijui kama aliniamini.